Sultana Hakuwa Ng'ombe

Jumapili mchana Sultana alijitupa chini, akabingirika, akaligeukia tumbo lake kana kwamba limemtukana. Ndiye farasi pekee wa shangazi yangu Swafiya. Hubeba watoto kwenye sherehe za Kigali nzima, na kwa mgongo huo mimi husoma shule ya bweni. Nilisimama mbele yake kwa heshima anayostahili mfadhili wa elimu.

Yvonne, daktari wa mifugo, alikuwa Musanze, mwendo wa saa mbili. "Mwondoleeni majani, mtembezeni," alimwambia shangazi kwenye simu, "na asinyweshwe kitu. Chochote, mama. Nakuja."

Tulimtembeza. Lakini shamba letu, nyuma ya maghala ya Masoro, limezungukwa na watu waliozaliwa wakijua ng'ombe. Walikuja bila kuitwa, wakajipanga uani kama jopo la mabingwa. Mwenyekiti alikuwa mzee Kalisa, ambaye ameokoa ng'ombe wengi wa mtaa huu kwa chupa ya mafuta ya kupikia.

"Iko na gesi," alitangaza, akimgonga ubavu wa kushoto. "Inua kichwa."

"Daktari amekataza, mzee."

"Daktari iko wapi, Leila? Iko Musanze. Gesi iko hapa."

Jopo likacheka. Shangazi alimtazama Sultana akitetemeka, jasho likimchuruzika, kisha akanitazama mimi, msomi wa familia. Msomi akainua mabega.

"Mpe," akasema.

Akanyweshwa kama ng'ombe, shingo juu, chupa pembeni mwa mdomo. Akakohoa. Mafuta yakamtoka puani, yaking'aa.

"Sasa atabeua," alisema mzee Kalisa. Tukasubiri kubeua huko kimya, kama watu walio kwenye ibada. Sultana aliendelea kukohoa.

Yvonne alifika jua likipungua. Alimpima tumbo, akasema choo kimekwama tu, kingeweza kulegea. Kisha akasikiliza kifua, upande huu, upande ule, akagusa utelezi puani.

"Nani kampa mafuta?"

Mabingwa wote wakakumbuka shughuli nyumbani. Mzee Kalisa akabaki.

"Mimi, daktari. Ng'ombe huwa..."

"Yameingia mapafuni."

"Kuna dawa?" shangazi akauliza.

"Ya kumponya, hapana. Atakosa pumzi polepole, mama. Au nimpumzishe leo kwa sindano."

Shangazi aliketi kwenye majani, akakipakata kile kichwa kizito. Sultana alivuta pumzi kwa kelele, mfano wa mtu anayekoroma macho wazi.

"Leo," akasema.

Mzee Kalisa alivua kofia. "Swafiya, mwanangu, nisaidie kumshika?"

"Mshike," alisema shangazi bila kumtazama. "Wewe ndiye unayejua wanyama."

Akapiga magoti, akamshika.