Sweta la Madam Zdravka

Jumanne moja ya Februari, watoto wa darasa la Kengele walipokuwa wanakomba uji wa ngano wa mwisho kwenye bakuli, Madam Zdravka alivua sweta lake la kijivu, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akawaaga. Alikuwa anakwenda semina. Mbele ya posta basi lilikuwa limeshawasha injini, limejaa walimu wa chekechea wa wilaya nzima, nusu yao wamesinzia.

Sweta aliliacha kwa agizo. Chekechea yetu haina mwalimu wa akiba. Wa mwisho alikwenda Ujerumani kufungasha vifurushi, na kusema kweli hakuna aliyemlaumu. Sheria inasema watoto wasiachwe bila mtu mzima, na sheria hiyohiyo inasema mwalimu asipohudhuria mafunzo hana kazi. Bi Karadzhova, mwalimu mkuu, alizisoma zote mbili, akavua miwani.

"Acha kitu chako chochote wakione, watatulia," alimwambia Zdravka. "Shangazi Stoyna atakuwa anachungulia."

Shangazi Stoyna, mhudumu wa madarasa matatu, alikuwa na goti bovu. Alichungulia mara moja, akaona hahitajiki, akarudi jikoni kwenye dengu zake.

Jioni Zdravka aliporudi, watoto walikuwa wamekula, wamelala, wameamka, na kamba za viatu vyao zimefungwa.

"Limefanya kazi," Stoyna alisema. "Makamasi limefuta kwa mkono wa kulia. Uani limewatoa, uani limewarudisha. Kuimba ndiko haliwezi, mwanangu, na hilo tusilidai."

"Na Bilyana?"

"Amelala akilichezea vifungo."

Zdravka alilivaa. Lilikuwa limelegea mabegani kwa uchovu. Alipofika nyumbani alilitandaza kitandani badala ya kulitundika, maana ni vibaya kumtundika mtu aliyeshinda kazini.

Bilyana alikuwa na miaka mitano. Mama yake aliondoka vuli iliyopita kwenda Italia kumtunza bibi kizee wa watu, akamwacha mtoto kwa babu, na tangu siku hiyo mtoto hakusema neno. Babu alimpeleka kwa daktari, akampeleka kwa padri, akamnunulia sungura. Wapi! Zdravka yeye hakumpeleka popote. Kila mchana, watoto wakilala, alikaa ukingoni mwa kitanda cha Bilyana, cha dirishani, akamwacha afungue na kufunga vifungo vya sweta, kisha akamwuliza, "Umelala?" Aliuliza hivyo Oktoba nzima, Novemba nzima, Desemba nzima. Januari, siku theluji ilipoziba dirisha, mtoto alijibu, "Bado."

Ni neno moja, lakini Zdravka alikwenda stoo ya magodoro akalia. Tume ya wilaya ilikuwa inakuja masika kuamua kama Bilyana abaki chekechea au apelekwe shule maalumu ya bweni mjini. Neno moja lilikuwa limeanza kuzaa mengine: sungura, maji, sitaki. Aliyasema kwa Zdravka tu, mchana tu. Angepewa nafasi, kufikia masika angekuwa anabishana na wenzake kama mtoto yeyote.

Nafasi hiyo ndiyo iliyokosekana. Bi Karadzhova hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyebanwa. Miaka yote alipopigiwa simu na wilaya alijibu kwamba hana wa kushika darasa. Sasa wilaya ilikuwa imesikia habari za sweta, ikamtaka aache visingizio. Zdravka akapelekwa semina ya mchezo wa mchanga, ya usalama wa ngazi, ya furaha ya mwalimu. Hiyo ya furaha ilikuwa siku mbili, na alirudi na mafua.

Sweta likawa na zamu. Liliandikwa kwenye ubao wa jikoni chini ya jina la Stoyna, likatengewa bakuli la supu ambalo Stoyna alilinywa kwa niaba yake. Tarehe mosi Machi, watu walipofungana nyuzi nyekundu na nyeupe mikononi, desturi yetu ya kukaribisha masika, sweta lilifungwa nyuzi nyingi kuliko mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hakupendezwa.

"Kwa nini usilipeleke lenyewe semina, mimi nibaki?" Zdravka aliuliza siku moja.

"Halina diploma," alijibu Bi Karadzhova, wala hakuwa anatania.

Tume ilipanga kuja Ijumaa. Jumatatu ikapiga simu kwamba gari litapatikana Jumatano. Jumatano Zdravka alikuwa na semina: *Kumsikiliza Mtoto Asiyesema*.

"Mkuu, nakuomba. Nakupigia magoti. Mtoto yule anazungumza na mimi tu."

"Ndiyo maana umechaguliwa, Zdravka. Mada ni yako kabisa."

"Mada yangu iko darasani, kitanda cha dirishani!"

"Jina lako limeshapelekwa. Usipokwenda watakufuta kazi, na hapo mtoto atakuwa na nani? Sweta litakuwepo. Wanalipenda."

Zdravka alikwenda. Hasira aliyokwenda nayo ilitosha kuchemsha maji ya hoteli ya milimani palipofanyika semina, maji ambayo tayari huchemka yenyewe kutoka ardhini. Mwezeshaji, kijana mpole aitwaye Kamen Drenski, aliwapanga walimu kwa duara na kuwarushia donge la uzi. Halafu akawaambia wafumbe macho, kila mmoja awaze mtoto asiyesema amekaa mbele yake.

"Mnamwona?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Namwona," alisema Zdravka. "Yuko mbele ya tume saa hii."

"Vizuri sana. Kaa na hisia hiyo."

Aliwafundisha pia kwamba mwalimu asiseme kamwe mtoto hawezi. Aseme hawezi *bado*. Aliliandika neno hilo ubaoni kwa kalamu ya kijani, akalizungushia duara, na walimu wakalinakili.

Saa hiyohiyo tume ilikuwa imekaa kwenye viti vidogo vya darasa la Kengele, magoti yamewafika kidevuni. Walikuwa watatu. Walimwonyesha Bilyana picha ya ng'ombe, ya treni, ya familia mezani. Bilyana aliziangalia zote kwa adabu. Kisha akashuka kitini, akaenda kwa sweta, akaingiza mdomo kwenye mkono wa kulia, akanong'ona kwa muda mrefu kidogo.

"Amesema!" Shangazi Stoyna alipiga kelele kutoka mlangoni, mwiko mkononi. "Jamani, si mmemwona anasema?"

"Tumeona midomo, mama," alijibu mwenyekiti. "Umesikia neno gani?"

Stoyna hakuwa amesikia neno. Mjumbe mmoja, mtu wa haki, aliliuliza sweta kama lina lolote la kuongeza. Sweta liliinua mkono. Walisubiri. Halikuwa na mdomo, basi likaushusha. Waliamua shule ya bweni, baada ya Pasaka, wakanywa chai ya maua, wakawahi gari.

Zdravka alirudi jioni. Uso wa Stoyna ulimwambia yote. Alichukua sweta na kulivaa, na alipoingiza mkono wa kulia alihisi kitu kimekwama kwenye kiwiko. Yalikuwa maneno ya Bilyana. Yalikaa humo mchana kutwa kwa kuwa hapakuwa na mkono wa mtu ndani wa kuyasukuma. Alisukuma, yakatokea kwenye pindo, sauti ileile nyembamba, mbele ya Stoyna na Bi Karadzhova aliyekuwa anafunga ofisi:

"Usiogope. Nyamaza tu, wataondoka. Madam akirudi nitamwambia yeye kila kitu."

Stoyna alikaa chini. Bi Karadzhova alifungua tena ofisi na kumpigia simu mwenyekiti, hilo nalo tumsifie. Alieleza yote bila kuficha, na mwenyekiti alimwamini. Alisema haya mambo ya nguo hutokea, hata wilaya ya jirani kuna koti linalofundisha hesabu. Ila maneno yaliyotoka baada ya kikao hayahesabiwi kikaoni. Rufaa husikilizwa Septemba.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Bi Karadzhova alisema akiweka simu.

"Hayakumwagika yenyewe, Mkuu," alisema Zdravka. "Tumeyamwaga."

Baada ya Pasaka gari la wilaya lilikuja. Babu alishika begi, sungura alibaki. Zdravka alitaka mtoto aondoke na sweta, akalivua palepale uani, lakini Bi Karadzhova alilishika kola. Lilikuwa na zamu Jumatatu, na darasa la Nyuki pia lilikuwa limeliomba. Waliposhikana hivyo, sweta lenyewe lilijing'oa kifungo cha juu, likakitia kwenye ngumi ya Bilyana. Bilyana akakifumbata, akapanda. Gari likaondoka.

Jumatatu sweta lilionywa kwa kuja kazini bila kifungo.

Zdravka siku hiyo alikuwa semina. Alikaa na blauzi nyepesi, maana sweta jingine hakuwa nalo na ukumbi haukupashwa moto. Mwishoni Kamen Drenski aliwaomba kila mmoja aseme neno moja analoondoka nalo. Mmoja alisema matumaini. Mwingine alisema timu. Zamu ya Zdravka ilipofika alikaa kimya muda mrefu hata wenzake wakaanza kumtazama, na Kamen akainama, akamwuliza taratibu kama yuko tayari.

"Bado," alisema Zdravka.

Kamen alifurahi mno. Aliliandika kwa kalamu ya kijani, akalizungushia duara, akasema hili ndilo neno la siku, ukumbi mzima ukapiga makofi. Zdravka naye alipiga makofi, kwa sababu mikono yake ilikuwa ya baridi.