Neno la Laker kwa Goti la Ocaya

Katika kambi ile ya polisi, upande wa Nakawa, makocha wamekuja na makocha wameondoka, lakini aliyekuwa akipanga timu hasa ni Laker. Hajapiga mpira hata siku moja maishani mwake. Ni mjane wa sajenti, mwanamke wa miaka sitini na miwili, mpana wa mabega, na kazi yake ni kukanda. Aliyeteguka mguu, aliyeamka na shingo imekaza, mama aliyetoka kujifungua, wote walikuwa wakipelekwa barazani kwake. Huko alipasha maji, akapaka mafuta ya yaa, yale mazito ya kokwa za mti, aliyoletewa kutoka Gulu, kisha akaviachia vidole gumba vyake kazi. Ijumaa kabla ya mechi wachezaji walipanga foleni. Akiridhika, alimpiga mtu kofi dogo la paja na kusema, "Nenda." Asiyeambiwa hivyo hakucheza, na kocha aliyejaribu kubishana na Laker alibishana peke yake.

Ocaya alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Laker, na Laker ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Alikuwa mshambuliaji. Msimu ule alifunga mabao kumi na tisa, na mwezi wa tano jina lake likasomwa redioni katika kikosi cha taifa. Siku hiyo Laker alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, sufuria ya maharagwe ikaungua, na watu wa nyumba za jirani wakaja kula maharagwe yenye harufu ya moshi wakiyasifu.

Katika nusu fainali Ocaya aliruka kupiga kichwa, akatua vibaya. Alimaliza mechi akichechemea. Jumatatu goti lilikuwa limevimba, Jumatano uvimbe ukashuka, na Ijumaa, siku moja kabla ya fainali, akaja barazani kama kawaida.

Laker alikunja ule mguu, akaushika chini ya goti kwa mikono miwili, akauvuta kidogo. Mfupa ukaja mbele, laini, kama droo ya kabati iliyochoka.

Aliijua hali ile. Miaka ishirini nyuma alikuwa ameishika kwenye goti la mumewe Ojera, aliyeanguka kutoka kwenye lori la kazi. Ojera hakukimbia tena. Walimpa kazi ya kukaa getini na kuandika namba za magari, akaifanya mpaka alipokufa.

"Mama, iko sawa?" Ocaya aliuliza.

Nyuma yake wachezaji kumi walikuwa wamesimama, na kocha Jibril akitazama saa. Laker alijiambia kwamba labda mikono imezeeka, labda ni uvimbe tu. Lakini tusimsingizie uzee. Alichokuwa akikifikiria ni redio. Alitaka kulisikia tena jina lile, litoke nyumba hadi nyumba, kila mtu ajue ni mtoto wa nani. Akampiga kofi la paja.

"Nenda."

Dakika ya thelathini na mbili Ocaya alipokea mpira, akageuka kumkwepa beki, akaanguka. Hakuna aliyemgusa. Mwamuzi alikuwa tayari ameinua mkono kumwonya kwa kujiangusha alipokisikia kilio chake, akaushusha.

Daktari aliyempokea katika hospitali moja ya Bukoto aliitwa Nabilah, mwanamke mwembamba aliyezungumza taratibu. Alikunja mguu, akaushika chini ya goti kwa mikono miwili, akauvuta. Laker, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni, aliitazama mikono ile ikifanya vilevile alivyofanya yeye, akatamani ardhi ipasuke.

"Kano la kati limekatika," alisema Daktari Nabilah. "Na gegedu, ule mto ulio katikati ya mifupa, umesagika. Picha inaonyesha kidonda cha zamani kidogo. Goti lilianza lini kulegea?"

"Ile Jumamosi ya fainali, daktari," Ocaya alijibu haraka. "Mbele ya hapo haikuwa na shida. Mama yangu alikanda, akaona iko sawa. Yeye hapana kosea."

Alisema kwa kujivuna, amelala pale na mguu wake uliovimba. Kama angelalamika ingekuwa rahisi zaidi.

"Ni hivyo, Mama?" daktari aliuliza.

Neno moja tu la kukubali lingetosha, na hakuna ambaye angejua.

"Hapana," alisema. "Mimi nilisikia. Ile Ijumaa, mfupa ilitembea kwa mkono yangu. Nilijua. Nikamwambia aende."

Daktari alichukua kalamu, akaandika, kisha akaeleza bila kumtazama yeyote. Wangemleta kabla ya fainali, gegedu lingeshonwa, na wengi wenye jeraha la namna ile hurudi uwanjani. Sasa kipande kitaondolewa, kano jipya litatengenezwa kutoka nyuma ya paja, na ni miezi tisa kwa uchache. Huenda ikawa mwaka. Huenda akarudi lakini si kwa mbio zile, na huenda asirudi kabisa.

Ocaya aligeuza uso ukutani.

"Mama, toka," alisema.

Baada ya upasuaji hakurudi kambini. Alihamia kwa rafiki yake Oyat, hapohapo Bukoto, karibu na hospitali. Laker alimpelekea chakula, Oyat akakipokea mlangoni na kurudisha vyombo vimeoshwa, na kila mara alisema Ocaya amelala. Mtu gani analala saa saba mchana kila siku? Laker hakuuliza. Alirudi na vyombo vyake.

Akaacha kukanda. Waliokuja barazani aliwaambia waende hospitali, na waliposema hospitali kuna foleni aliwaambia basi wakapange foleni. Ijumaa zilipita kimya. Usiku aliota goti la Ojera, asubuhi akaamka amejishika goti lake mwenyewe. Alijuta, na majuto yale hayakupungua kwa kuzoeleka.

Mwezi wa tisa baada ya upasuaji, Ijumaa saa kumi, alisikia viatu vingi nje. Alipofungua alimwona kocha Jibril, Oyat, wachezaji kadhaa, na mbele yao Ocaya, amevaa jezi. Alikuwa amekonda uso. Ni miezi minane tangu wazungumze.

"Kesho kuna watu wa timu ya taifa wanakuja kuangalia," Ocaya alisema. "Daktari anasema miezi tatu zingine. Mimi nakimbia, Mama. Hapana uchungu. Yeye anasoma mashine. Wewe unasoma mguu."

Akaketi kwenye mkeka. Akauinua mguu, akauweka mapajani mwa Laker kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni, na Laker akahisi machozi yanamlenga. Mtoto wake alikuwa amerudi. Kulikuwa na neno moja la kumfanya abaki, na neno lenyewe alilijua.

Alipaka mafuta. Akakunja goti, akavuta. Mfupa haukuja mbele. Daktari alikuwa amefunga kazi yake barabara. Akapanda kwenye paja, nyama ilikuwa pungufu ikilinganishwa na mguu wa pili. Akalikunja goti tena hadi mwisho, taratibu, kiganja kikiwa juu yake, na ndani akahisi kama mchanga ukisagika.

Barazani wote walikuwa wakingoja kofi la paja.

"Mama, sema," Ocaya alinong'ona.

"Bado."

"Mama, nakuomba."

"Bado, mwanangu."

Kocha Jibril akaguna, akaanza kusema kwamba dakika ishirini tu hazina neno. Laker alimtazama mara moja, na kocha akarudi nyuma.

"Na ile miezi tatu ikiisha?" Ocaya aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Utakuja, nitashika. Pengine nitasema nenda. Pengine nitasema bado tena. Pengine nitasema acha mpira kabisa. Lakini hii mara nitasema kile mkono yangu inasikia."

Akangoja. Alikuwa na hakika Ocaya atasimama, aondoke, na safari hii hata vyombo visirudi. Akajiandaa kwa hilo, akapiga moyo konde.

Ocaya aliivuta jezi akajifunika uso, mabega yakatikisika. Wenzake wakaangalia pembeni, na mmoja baada ya mwingine wakashuka barazani wakaenda zao. Alilia kwa muda mrefu, na mguu hakuuondoa. Laker akachovya vidole kwenye mafuta, akaanza upya kutoka kwenye kifundo.