Waithaka na Mikufu Yake Minne

Waithaka alikuwa mtu wa kukuelezea chai unayokunywa. Ukitia sukari, anakuambia vile sukari inayeyuka. Alifanya kazi kwa ofisi moja ya bima pale Hurlingham, kupiga hesabu ya watu watakufa lini, na hiyo kazi ilimpanda kichwani hadi ikamziba masikio. Debra, binamu ya Shiku, alimdharau kutoka siku ya kwanza. Sio dharau ya kelele. Ile ya kutulia, unamwangalia mtu akiongea na unaona tu mdomo ukifunguka.

Na huyo ndiye Shiku alikuwa anaolewa naye. Aki dunia.

Wiki moja kabla ya ngurario, ile harusi ya kimila ya Wakikuyu, watatu hao walikuwa mkahawani Kilimani. Waithaka akatoa karatasi ya nailoni kwa koti, akamwaga mezani mikufu minne. Kila mmoja ulikuwa na shanga sita za mbao, kubwa kama ndimu, tatu nyekundu na tatu nyeupe, zimezungushwa kwa uzi na kufungiwa mafundo ndio zisiteleze.

"Nimepata suluhisho," akasema, kama mtu ameponya malaria.

Suluhisho ya nini? Ya kuchagua bibi. Unajua vile huendanga: wasichana wanafunikwa leso kutoka kichwa hadi magoti, wanapangwa laini mbele ya wazee, kimya, halafu bwana harusi anaambiwa haya, wako ni yupi? Akikosea ni faini, na kicheko ya kumfuata hadi kaburini. Waithaka aliogopa hiyo kicheko kuliko mwizi.

"Kila msichana atavaa mmoja juu ya leso. Watu watadhani ni zawadi tu. Sasa, ukipanga hizi shanga kwa laini, kuna njia ishirini. Watu wa kawaida huishia hapo." Alipofika kwa watu wa kawaida akamwangalia Debra. "Lakini mkufu ni duara. Unazunguka. Nyingi kati ya hizo ishirini, ukizizungusha, ni kitu moja. Zinabaki nne. Wasichana wanne, mikufu minne, na hakuna miwili inafanana. Wa Shiku ni huu: nyekundu mbili, nyeupe moja, nyekundu moja, nyeupe mbili. Nitausoma tu."

"Na si umjue tu mwenyewe?" Debra akauliza.

"Atakuwa amefunikwa, Debra."

"Miguu haitakuwa imefunikwa."

Waithaka akamgeukia Shiku akicheka. "Ati miguu! Unaona vile watu wanaishi kwa kubahatisha?"

Shiku hakucheka. Alikuwa amevuta miguu yake chini ya kiti.

Siku ikafika. Kwao Loresho, chumba cha Shiku kilijaa poda na wamama. Auntie Nyokabi, dada ya babake, ndiye alikuwa anavisha, na huyo mama huvisha watu kama anafunga magunia ya viazi. Leso, pap! Mkufu, pap! Upande gani uko juu, hakuangalia. Na nani angeangalia? Mkufu ni mkufu. Akamaliza Jacklyne na Lornah, marafiki wa Shiku, akawasukuma koridoni. Akamaliza Shiku na Debra, akatoka kutafuta pini.

Shiku akafunua uso. "Debra, hebu zunguka."

Debra akazunguka.

"Nyekundu mbili, nyeupe, nyekundu, nyeupe mbili. Si huo ni wangu?"

"Wako si uko nao hapo?"

Wakaangaliana. Debra akauvua wake, akaulaza kitandani, akaugeuza juu chini. Ukawa mkufu mwingine. Akaugeuza tena. Ukawa wa Shiku. Akaanza kucheka hadi akashika ukuta. Kichwa yote hiyo, digrii yote hiyo, na Waithaka hakuwahi kufikiria kwamba mkufu hauzunguki tu, unageuka pia, kama chapati! Mikufu yake minne ilikuwa mitatu, mmoja umevaliwa mara mbili.

"Nigeuze ukae vizuri?" akauliza akipangusa macho.

Shiku akamrudishia mkufu shingoni vile ulivyokuwa. "Wacha hivyo."

"Shiku, atakukosa."

"Kama ananijua, atanijua bila shanga. Akinikosa, mimi siendi. Baba arudishie watu mbuzi zao za mahari."

Alivyosema, Debra akaacha kucheka.

Wakapangwa laini nje, mbele ya hema ya wazee. Chini ya leso huoni kitu. Unaona nyasi na viatu. Viatu vya Waithaka vilikuwa vyeusi, vimechongoka mbele, viking'aa kwa madharau. Vikamzunguka Jacklyne polepole, mbele hadi nyuma, kama mtu ananunua gari ya mtumba. Vikamzunguka Lornah.

"Kijana!" shosho mmoja mzee akaita. "Unachagua bibi ama unapima ng'ombe?"

Hema yote ikaangua kicheko. Mzee Gerishon, mjomba ya Waithaka aliyekuja kumsemea, akakohoa. "Waithaka, chagua tule."

Viatu vikafika kwa Shiku. Vikazunguka. "Eeh," Waithaka akajiambia, ameridhika. Lakini mtu kama huyo lazima ahakikishe. Akaja kwa Debra, akazunguka akinong'ona rangi. Akarudi kwa Shiku. Akarudi kwa Debra. Jasho lake lilianza kunuka.

"Haiwezekani," akasema.

Hapo ndio Debra akaona kitu. Mkono wa Shiku, aliyekuwa kando yake, ulitoka chini ya leso pale magotini, polepole, ukashika kidole cha Waithaka. Kuongea kulikatazwa. Kushika, hakuna mtu alikuwa amekataza. Na Debra, yule Debra, akajipata anamwombea huyo mtu. Shika huo mkono, mjinga wewe. Shika tu.

Waithaka akajitoa. "Tafadhali usinichanganye. Nahesabu."

Halafu akagusa bega la Debra. "Ni huyu."

Leso ikainuliwa. "Sasa, Waithaka," Debra akamsalimia.

Wamama walipiga kelele hadi mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Waithaka alikuwa ameiva masikio. "Kuna mtu amebadilisha! Ziko nne! Hakuna mbili zinafanana!"

Debra akavua mkufu, akaugeuza mbele ya pua yake, mara moja. Waithaka akaunyakua. Akaugeuza mwenyewe. Na unajua alifanya nini, wazee wote wakimwangalia, bibi yake amesimama hapo bado amefunikwa? Alitabasamu. Ile tabasamu ya mtu ameona jibu.

"Ziko tatu," akasema.

Shiku akajivua leso mwenyewe. "Nilikushika mkono."

"Ulikuwa ni wewe?"

"Ni nani mwingine angekushika?"

"Lakini Shiku, ungesema kitu."

Shiku akamwangalia, halafu akatembea kuelekea nyumba. Auntie Nyokabi akamwita mara ngapi sijui. Hakugeuka.

"Ni aibu tu ya wasichana," Mzee Gerishon akatangazia watu. "Itaisha tukikula."

Debra alimkuta Shiku chumbani amesimama, mgongo kwa mlango.

"Nifungulie zipu ya gauni," Shiku akasema.

Nje, sauti ya Waithaka ilikuwa inaingia dirishani, inamwelezea mjomba wake: "Kosa lilikuwa dogo sana, mzee. Ni kugeuza tu ndio sikuhesabu."

Debra akafunga dirisha. Akarudi, akashika zipu, akaishusha yote.