Mjane wa Kwenye Bango

Mama mfua nguo alijifunza kusoma ukubwani, katika kikundi cha mtaani kilichowafundisha akina mama kusoma na kushona. Siku wafadhili walipokuja, mkurugenzi alimsimamisha mbele ya bango kubwa lenye picha yake.

"Wasomee wageni, mama yangu, waone kazi yetu haikwenda bure."

Akasoma polepole, kidole kikifuata maneno: "Mjane huyu hana mbele wala nyuma."

Mwisho wa ukumbi mumewe, aliyekuwa akipanga viti tangu asubuhi, alibaki ameshika kiti hewani.

"Kumbe nimekufa?" akauliza. "Lini, na mbona sikuambiwa?"

Mkurugenzi akajichekesha. "Ni lugha ya mabango tu, shemeji."

"Na kuisoma mmenifundisha nyinyi," alisema mama. Uso ulimwaka kwa aibu, lakini aliomba kalamu, akalikata neno "mjane" na kuandika juu yake kwa herufi kubwa: MKE WA MTU.

Wageni wakapiga makofi. Mkurugenzi akapiga kuliko wote, huku akiwaeleza kwamba zoezi hilo lilikuwamo kwenye ratiba.