Bei ya Gari la Njano

Mama Mikate aliposema anataka kununua gari la mbio, binti yake alidhani ni utani mwingine tu, maana mama huyo hakuwa mtu wa kukosa utani. Lakini siku hiyo alikuwa amekaa wima kwenye kochi, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe kwa daktari. Binti akaweka simu pembeni.

"Mama, gari la mbio? La kukimbilia wapi?"

"Popote."

"Na umri huo?"

"Umri huu ndio wenye haraka, mwanangu. Nyie mna muda."

Kwa miaka mingi Mama Mikate alikuwa na tanuri lake la kuokea, na kila alfajiri alisambaza mikate madukani kwa gari jeupe lililonuka hamira kutoka kwenye boneti hadi milango ya nyuma. Mkate wa moto ukirushwarushwa hubonyea, kwa hiyo aliendesha polepole, akikwepa kila shimo, akipungiwa mkono na kila dereva aliyempita. Na walimpita wote. Alisomesha watoto kwa gari hilo, akamaliza na nyumba. Kisha ikaja kampuni kubwa ya vyakula, ikalipenda jina lake na wateja wake, ikanunua tanuri, gari, na hata bango la mlangoni. Ilimlipa vizuri sana. Watoto walipata fungu lao, akiba ikawekwa benki, na lililobaki lilikuwa lake mwenyewe, la kufanyia anachotaka.

"Nimebembeleza mikate maisha yangu yote," alimwambia binti yake. "Sasa nataka kitu kinachonguruma."

Binti alimtazama, akajaribu kukunja uso, ukakataa kukunjika. "Haya. Ila usiende peke yako, mama. Watakuuzia kwa bei ya ndege. Nenda na baba mkubwa."

Baba mkubwa huyo alikuwa mume wa dada yake Mama Mikate, mzee mrefu mwenye koo la kusafisha kila dakika, aliyeuza vitunguu kwa jumla tangu ujana. Sokoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Punguza. Alijisifu kwamba hajawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, na mkewe alikuwa akiongeza kwamba hata mahari yake alirudi mara tatu kuomba ipunguzwe.

Mama Mikate naye alikuwa kinyume chake kabisa. Dukani kwake bei iliandikwa ukutani kwa rangi, na hakuona sababu ya kumsumbua mtu mwingine juu ya bei yake. Wauza nyanya walimpenda kama ndugu yao wa damu.

Basi wakaondoka asubuhi kwa pikapu ya Punguza, na njia nzima ikawa darasa.

"Shemeji, nisikilize. Tukifika, uso mkavu. Usitabasamu. Usiguse kitu. Maneno niachie mimi."

"Na nikilipenda?"

"Lichukie usoni, lipende tumboni. Na mimi nikikohoa, wewe sema, 'Twende zetu.' Hapo ndipo bei inaposhuka. Umeelewa?"

"Nikisahau?"

"Nitakohoa tena."

Duka la magari lilikuwa la vioo vitupu, sakafu yake inang'aa mpaka Punguza akafuta viatu mara mbili mlangoni. Muuzaji aliyewapokea alikuwa kijana mwembamba mwenye suti iliyombana na sauti ya upole. Aliwaamkia shikamoo wote wawili, akawavutia viti, akawaletea maji. Hakuwa mtu wa kujifanya, na alikuwa anayapenda magari yale kweli. Akipita karibu na moja, aliligusa kwa vidole viwili kama mtu anayesalimia.

"Mama anatafuta la namna gani?"

Mama Mikate alikusudia kusema, "Tunaangalia tu." Punguza alimfundisha hivyo. Lakini tayari alikuwa ameliona. Lilikuwa kwenye kona, chini kama paka anayevizia, mgongo umeinama vizuri, na rangi yake ilikuwa njano iliyoiva, njano ya kiini cha yai. Uso mkavu ukamtoka pale pale. Akaweka kiganja mdomoni.

"Lile," alisema.

Punguza akafumba macho kwa uchungu.

"La njano?" Kijana alishangaa mwenyewe, na mshangao ule ukamfungua mdomo kuliko ilivyompasa. "Basi mama una jicho. Hilo limekaa hapa siku nyingi. Kila mtu analisifu, halafu anauliza kama lipo jeusi. Wanaogopa rangi. Ila mashine yake, mama, ni ile ile, na halijatembea hata barabara moja."

"Bei?" Punguza aliingilia kwa sauti ya mtu aliyechoka na dunia.

"Milioni mia tatu na arobaini, mzee."

Punguza akacheka. Hicho kilikuwa kicheko chake cha kazi, kile cha polepole, anachokianza akiangalia ukutani na kukimalizia kwa kufuta jicho lisilo na chozi. "Kwani linapaa?"

"Karibu lipae, mzee."

"Mia mbili na themanini."

Kijana akashika kifua. "Mzee, utanifukuzisha kazi."

"Nitakupa kazi ya vitunguu."

Wakaendelea hivyo kwa muda, na lazima isemwe kwamba wote wawili walikuwa wanafurahia. Kijana alishuka kidogo tu, mpaka mia tatu thelathini na tano, akagoma. Punguza akaona wakati umefika. Akakohoa.

Mama Mikate alikuwa anaangalia taa za mbele za gari, jinsi zilivyochongoka pembeni.

Punguza akakohoa tena, safari hii kwa nguvu, mpaka kijana akamsogezea glasi ya maji. "Pole sana, mzee. Ni kiyoyozi."

"Ah!" Mama Mikate akazinduka. "Twende zetu."

Alilisema kwa sauti ya mtoto anayetolewa kwenye bembea, lakini alilisema, na wakasimama. Punguza akaanza kuhesabu moyoni, akijua kabla hawajafika mlangoni wataitwa. Na kweli waliitwa, ila si kwa alichokitarajia.

"Sawa, wazee wangu, siwazuii," kijana alisema. "Ila mzee, kabla hujaenda, keti ndani kidogo. Si kununua. Kukaa tu."

Punguza hakuona ubaya. Mtu aliyekataa kununua gari anaweza kukaa ndani yake kwa heshima zote. Akajikunja, akazama kwenye kiti cha ngozi, miguu ikanyooka mbele. Kijana akainama dirishani, akabonyeza kitufe.

Gari likanguruma.

Ilikuwa sauti nzito, ya chini, inayoanzia kwenye nyayo na kupanda mgongoni. Kioo cha duka kikatetemeka kidogo. Mkono wa Punguza ukaenda wenyewe kwenye usukani, ukaupapasa. Midomo ikafunguka. Mzee aliyebishana na madereva wa malori, wakulima, makuli na wake wa watu sokoni kwa miaka yote hiyo alikuwa amekodoa macho kama mtoto aliyebebwa mabegani.

"Shemeji!" alipiga kelele. "Shemeji, lipa! Mpe mtoto wa watu pesa yake!"

Duka zima liligeuka. Mfagiaji alisimamisha ufagio. Kijana akazima gari kwa adabu, akafunga kifungo cha koti, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyekwisha kushinda.

"Basi ni mia tatu thelathini na tano, mama," alisema. "Mzee mwenyewe ameshatoa hukumu."

Mama Mikate alimtazama shemeji yake, ambaye alikuwa bado ameshika usukani wa gari lililozimwa. Kicheko kikamshika tumboni. Alijaribu kukizuia, kikatokea puani, kisha kikatoka chote. Alicheka mpaka akashika meza. Kijana naye akashindwa kuvumilia, akacheka, na Punguza mle ndani, kwa aibu, akaanza kucheka pia.

Na kicheko kilipomwisha, Mama Mikate aligundua kwamba haogopi tena kuonekana amelipenda. Hapakuwa na cha kuficha. Siri ilikuwa imetangazwa kwa sauti kubwa mbele ya watu wote.

"Mwanangu, kaa," alimwambia kijana. "Tusidanganyane. Gari nalitaka. Umeniona, na huyu umemsikia. Mia tatu na kumi. Nakulipa lote kwa mkupuo."

"Mama, mia tatu thelathini na tano ndiyo mwisho wangu."

"Siyo."

"Kweli, mama."

"Nimeuza mkate kwa bei moja tangu hujazaliwa. Kila siku mtu anakuja kuniomba nimpunguzie. Naujua uso wa mtu aliyefika mwisho wa bei, kwa sababu ndio niliokuwa nauvaa mimi. Unakuwa mtulivu. Wewe umenitazama mimi, ukatazama ngazi, ukanitazama tena. Mwisho wako uko ghorofani kwa mkubwa wako, mwanangu. Nenda kauulize."

Kijana akakuna kichwa, akatabasamu, akapanda ngazi.

Aliyeshuka naye alikuwa meneja, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alimpa Mama Mikate mkono, akavuta kiti, akakaa kama mtu asiye na haraka.

"Dada, nimeambiwa umemkamata kijana wangu."

"Nimemkamata wapi? Amenikamata yeye. Amemteka hata mlinzi wangu," alisema Mama Mikate, akimwonyesha Punguza, aliyekuwa sasa anafungua na kufunga kisanduku kidogo cha mbele ya kiti.

"Mia tatu na ishirini na tano," alisema meneja. "Hapo nimekuheshimu."

"Nashukuru. Ila mkate ukilala kule kwangu, asubuhi hauuzwi bei ya jana. Na huu wenu umelala siku nyingi. Kijana kaniambia mwenyewe, msimgombeze, ni mkweli."

Meneja akamkata kijana jicho, kisha akacheka. "Dada, gari si mkate. Halichachi."

"Ndiyo maana sijaomba nusu bei."

Hapo meneja akavaa miwani. Akalitazama gari la njano pale konani kama mtu anayelitazama kwa mara ya kwanza. Mama Mikate hakukohoa, hakusimama, hakuangalia mlango. Alikaa tu kwa utulivu, mikono juu ya magoti, kana kwamba bei yake imeandikwa ukutani.

"Unajua," meneja alisema hatimaye, "kila asubuhi nikifungua duka hili, hilo ndilo ninaloliangalia kwanza. Linanichangamsha. Nitalikosa."

"Nitapita nalo mlangoni nikupigie honi."

"Mia tatu na kumi na mbili. Na honi uipige kweli."

Mama Mikate alimtazama usoni. Ulikuwa uso mtulivu.

"Tumekubaliana," alisema, na wakashikana mikono, na kijana wa suti akarusha ngumi hewani, halafu akakumbuka alipo, akaishusha.

Karatasi na benki zilichukua siku zake. Gari lilipokuwa tayari, shemeji mtu alikuwa amefika mapema kuliko mnunuzi, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Kijana alilifuta boneti kwa kitambaa mara ya mwisho, akaliaga kwa vidole viwili, kisha ndipo akamuaga mteja.

Walitoka polepole. Polepole mno. Mama Mikate alishika usukani kwa mikono miwili, akakwepa mashimo ambayo hayakuwepo. Bajaji ikawapita. Kisha baiskeli iliyobeba godoro ikawapita, na mwenye baiskeli akawapungia mkono.

"Shemeji," Punguza alisema kwa upole, "humu ndani hamna mikate."

"Miguu haijajua."

"Iambie."

Walipofika kwenye barabara pana, pale mji unapoachia na njia inanyooka, aliiambia. Akakanyaga mafuta. Gari likaruka mbele, migongo yao ikagandamana na viti, miti ikawa mstari mmoja wa kijani. Punguza alipiga yowe refu, na katikati ya yowe likageuka kuwa kicheko, na Mama Mikate naye akawa anapiga kelele bila maneno, machozi yanamkimbilia masikioni. Kisha akapunguza mwendo, maana hakuwa mwendawazimu, na wakaenda wakihema kama watu waliotoka kucheza ngoma.

Nyumbani kwa Punguza majirani walikuwa wamejaa getini kabla injini haijazimwa. Mzee akashuka, akajinyoosha, akasafisha koo.

"Walitaka mia tatu na arobaini," aliwaambia. "Nikawatazama hivi. Nikacheka kidogo. Mimi, mnanijua. Walipoona sura hii, wakaanza kuteremka wenyewe!"

Majirani wakapiga makofi. Mama Mikate alibaki kwenye usukani, dirisha wazi, akimsikiliza kwa raha zake zote. Hakusahihisha neno.

Dada yake alitoka ndani akifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, asiyeshangazwa na vitu. Alilizunguka gari, akainama dirishani.

"Huyo alipunguziwa kweli?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Dada, alikaa ndani, akapiga kelele nilipe."

Dada hakucheka mara moja. Mabega yake yalianza kwanza. Kisha akalazimika kushika paa la gari, akiwa ameficha uso kwenye mkono, huku mumewe upande wa pili akiwaonyesha majirani jinsi alivyokunja mikono mbele ya meneja.

Alipopata pumzi, alizunguka, akafungua mlango, akajitupa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la mumewe. Akavuta mkanda, akahangaika nao, mdogo wake akamsaidia kuufunga.

"Mnaenda wapi?" Punguza aliita kutoka katikati ya hadithi yake.

Dada alikuwa ameshafungua kitambaa chake cha kichwa na kukikunja mapajani, nywele zake za mvi ziko wazi mchana kweupe mbele ya majirani.

"Washa," alisema. "Nataka kusikia hiyo kelele."