Mundu wa Bwana, Kisu cha Tukinem

Mwanga ulilala juu ya mpunga, wa manjano, mzito. Tukinem aliutazama.

Hapa Jawa mpunga unakatwa suke moja moja. Kisu ni kidogo, kinakaa kiganjani, vidole vinakifunika, ili Dewi Sri, mungu wa kike mwenye mpunga, asikione akashtuka. Akishtuka anakimbia. Akikimbia, ghala tupu.

Polepole, suke moja. Polepole, suke jingine.

Lakini leo Bwana Mholanzi kasimama kwenye tuta, kofia nyeupe, viatu vinang'aa. Anasema, na mkuu wa kijiji anatafsiri kainama: eti watu hawa ni watoto, wavivu, ardhi inawalalia mikononi. Eti ndiyo maana Mungu kawaleta wazungu, wawalee. Shamba linalovunwa kivivu litapandwa miwa ya serikali. Halafu Bwana akatupa mundu miguuni pa Tukinem.

"Usiuguse," akanong'ona mama mkwe wake, Mbok Sarinten.

"Nisipougusa wanachukua shamba, Mbok."

"Ukiugusa, Dewi Sri anaondoka. Utapika nini, kofia ya huyo?"

Suke moja, suke jingine. Moyo wake haukujua polepole.

Akauokota. Akafyeka. Shwaa, shwaa, mabua yakaanguka, vumbi likapanda, likamwingia puani, kooni. Wanawake wenzake wakaacha kuvuna. Mbok Sarinten akageuza uso kama mtu anayepita msibani. Shwaa, shwaa, tuta mpaka tuta, na jua bado halijafika utosini.

Bwana akapiga makofi. Akasema neno. Mkuu wa kijiji akalitafsiri huku anaangalia vidole vya miguu yake mwenyewe.

"Anasema umeona, dada? Mkifundishwa mnaweza. Anasema bila wao msingejua. Na kwa kuwa kazi inaisha upesi hivi, mikono yenu ina nafasi. Mwezi ujao, hapa, miwa."

Polepole, wavivu, watawaliwe. Haraka, wanafundishika, watawaliwe. Sasa mtu apitie wapi?

Bwana na mkuu wa kijiji wakaondoka. Mwanga haukuwa tena juu ya mpunga. Ulikuwa juu ya mundu, mweupe, mwembamba, unamchoma macho.

Kwenye kona ya shamba suke moja lilibaki limesimama. Tukinem akachutama mbele yake. Akachomoa kisu kidogo kwenye fundo la nywele, akakificha kiganjani, vizuri, vidole vyote, kama vile bado yupo wa kushtuka.