Sawa, Mheshimiwa

Usiniambie nitulie. Mdogo wangu alifungwa maisha kwa neno "sawa", halafu mnataka nitulie?

Nyundo, ndivyo anavyoitwa mtaani na hata mimi dada yake nimezoea, ananyoosha mabati ya magari yaliyogongwa. Gonga, gonga, kutwa nzima, tangu ana ndevu mbili tatu. Masikio yamekufa. Na kama mafundi wote wa gereji ile, asiposikia hujibu "sawa". Mteja akisema anataka rangi nyekundu, sawa. Wenzake wakimtania kwamba mkewe katoroka, sawa, na anacheka akidhani ni habari njema. Ukitaka mwelewane, simama mbele yake auone mdomo wako.

Siku duka la simu la barabara ya nyuma lilipovamiwa, polisi walimkuta akirudi kazini kwake na nyundo mkononi. Basi! Silaha hiyo, mwizi huyo. Simu hata moja hakuwa nayo, lakini nani alijali? Kizimbani akasimama peke yake, hana wakili. Feni inanguruma juu, hakimu kainamia meza, anasoma mashtaka kama mtu anayetafuna: unyang'anyi wa kutumia silaha. Ni kweli au si kweli?

"Sawa, mheshimiwa."

Amekiri huyo! Wakaandika "ni kweli". Wakamsomea maelezo ya kesi, sawa. Wakamfunga maisha, sawa. Mimi niko nje nagombana na askari wa mlangoni anayetaka kujua nina nini kwenye mfuko. Nilipomwona gerezani aliniambia, "Dada, nilidhani wananiambia niende nyumbani. Nilishainama nifunge viatu." Nililia mpaka kamasi zikanitoka, halafu nikatukana. Nilimtukana kila mwenye joho.

Rufaa ilichukua miaka. Mara jalada halionekani, mara jaji yuko likizo, mara njoo mwezi ujao mama. Mwisho tukapata wakili wa msaada wa kisheria, binti mpole mno kwa kazi ile. Aliniomba kitu kimoja tu: "Dada yangu, mle ndani usifungue mdomo." Mungu anajua nilijitahidi.

Wakili wa serikali akasimama, suti imemkaa, akasema mrufani alikiri mwenyewe, kwa kinywa chake, na aliyekiri hana cha kulalamikia. Kwa kinywa chake! Na masikio je? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Angekuwa mdogo wake, daktari wa masikio angetafutwa siku hiyo hiyo. Binti yetu akajibu kwamba haki ya kusikilizwa haina maana kwa mtu asiyesikia anachoulizwa. Yule bwana akacheka kidogo. "Asiyesikia? Mbona leo anajibu vizuri tu?"

Hapo nikashindwa. "Hasikii!" nikapiga kelele. "Mjaribuni basi!"

Askari akanidaka mkono. Binti akafumba macho, nami nikajua nimemzika mdogo wangu kwa mdomo wangu huu huu.

Lakini jaji aliyeketi katikati, mama mtu mzima mwenye miwani, akasema niachwe. Akachukua jalada, akaliinua mpaka likamficha mdomo, akamgeukia Nyundo.

"Mrufani," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "unaonaje tukikunyonga leo mchana?"

"Sawa, mheshimiwa," Nyundo akajibu, kwa heshima zote, na tabasamu juu.

Wakili wa serikali akaketi bila kuambiwa.

Hukumu ikafutwa. Ngojeni, msishangilie. Hakuachiwa. Kesi ianze upya, huko huko mahakama ya chini, na yeye arudi mahabusu asubiri. Yaani wakosee wao, asubiri yeye! Nilitoka pale kwa hasira, hata ngazi sizioni.

Safari hii wakamwekea mtu wa kumrudia maneno usoni, taratibu, neno kwa neno. Ni kweli au si kweli? Nyundo hajui kupima sauti yake. Alijibu mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuchungulia: "Si kweli! Sikuiba!" Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu kesi hii izaliwe, ikabidi waite shahidi.

Akapanda mwenye duka la simu, mama mmoja mfupi, mkoba kaukumbatia kifuani. Akaulizwa kama anamwona humu ndani mtu aliyemvamia. Akamtazama Nyundo, wala hakukawia.

"Si huyu. Yule nilimwona uso, alisimama karibu, kama nilipo mimi na ulipo wewe. Huyu simjui kabisa."

Hakimu akavua miwani. Akamuuliza mbona alinyamaza miaka yote hii, mtu anaozea gerezani.

"Ningemwambia nani?" mama akajibu, na sauti yake nayo ilikuwa na hasira. "Siku ile nilikuja. Nilikaa hapo nje kwenye benchi, nangoja kuitwa. Karani akatoka akaniambia, mama, nenda nyumbani kapumzike, mtu wako ameshakubali."